Anayetoka Usiku Hufuata Neno

Imezuka miongoni mwetu, watunzi na wapenzi wa Kiswahili, lawama moja iliyorudiwa mara nyingi hata imeanza kuonekana kuwa kweli. Tunasema kwamba mtu wa mjini hana tena haja na ushairi wala tamthiliya. Mchana kutwa yumo kazini, jioni yumo katika foleni ya magari, na akipata usiku mmoja wa kupumua huupeleka katika kumbi za muziki na vichekesho badala ya kufungua diwani. Kwa hiyo, tunahitimisha, neno lililosanifiwa limekosa mwenyewe.

Mimi siafiki. Nimestaafu ualimu wa sekondari na ninaishi Katumba, mkoani Katavi, mbali na kumbi zote hizo. Huenda umbali huo ndio unaonisaidia kuona. Hoja yangu ni kwamba mtu wa mjini hajaliacha neno. Kila anapotoka usiku, neno ndilo analolifuata. Waliohama ni watunzi, ambao waliondoka jukwaani wakajifungia kitabuni. Na hasara ya kuhama huko haimwelemei mtu wa mjini, kwa maana yeye ana pengi pa kwenda. Inamwelemea mtoto wa shule aliye mbali na mji, anayepewa tamthiliya aijibie mtihani bila ya kuisikia hata siku moja.

Naanza na mtu wa mjini mwenyewe. Ninaye binti wa dada yangu afanyaye kazi Dar es Salaam. Hutoka ofisini saa kumi na moja, akagombea mwendokasi hadi Kimara, na siku nyingi hufika nyumbani hana nguvu ya kusoma ukurasa mmoja. Hata hivyo, mara mbili au tatu kwa mwezi hutoka: Ijumaa hii taarabu, mwisho wa mwezi dansi, siku nyingine usiku wa vichekesho, na akibahatika hupata mchezo wa kuigiza katika ukumbi wa kituo fulani cha utamaduni. Jumapili hunipigia simu. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani husema, "Mjomba, hebu sikia hili," kisha hunirudilia fumbo, au kijembe, au methali aliyoisikia imepinduliwa kichwa chini. Sijapata kumsikia akinieleza habari za kinanda wala taa za jukwaani. Kinachobaki naye hadi Jumapili ni maneno.

Nanyi mliowahi kuhudhuria taarabu mnajua kwamba yeye si wa peke yake. Tazameni namna hadhira ya taarabu inavyotunza. Mwanamke ameketi mezani na shoga zake, anasikiliza ubeti wa kwanza, wa pili, hana habari. Unapofika ubeti unaosema lake, huinuka, hujitengeneza kanga au gauni lake, hutembea polepole kati ya meza huku akijua anatazamwa, akamtunza mwimbaji hapo hapo. Kisha hurudi kuketi. Kwa kitendo hicho ametoa hukumu: ubeti huu umesimama, na umenisemea nisilothubutu kulisema kwa kinywa changu. Niambieni, malenga wenzangu, ni mhakiki gani wa vitabu anayelipia ubeti papo kwa papo kwa fedha yake mwenyewe?

Katika dansi mambo ni hayo hayo. Bendi iliyoanza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, ambayo leo tunaijua kuwa Msondo Ngoma, na ile ya Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978, ambayo mashabiki huiita Sikinde, hazikudumu miaka yote hii kwa magitaa peke yake. Nyimbo zake ni visa: ndoa iliyoingiliwa na mawifi, ndugu aliyepata akawasahau waliomlea, rafiki aliyegeuka. Wapenzi wa dansi husubiri chemko, ni kweli, lakini kabla ya chemko hucheza taratibu kwa sababu wanafuata kisa. Na mchekeshaji asimamaye peke yake jukwaani, hana ngoma wala mavazi, silaha yake ni nini? Ni utata wa maana, ni lafudhi, ni kunyamaza mahali panapostahili. Somo la utata tulilolifundisha ubaoni kwa chaki, yeye hulifundisha kwa saa nzima, na wanafunzi wake wamelipa kiingilio.

Wazee wetu wa fasihi walilijua jambo hili. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, kijiji cha Unguja, akawa akitembeza vyungu mjini na kuvinadi kwa sauti iliyowafanya watu wafungue madirisha. Hakubahatika kusoma shule. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili, na sauti yake ikasikika pwani nzima. Alipofariki mwaka 1950, aliyekaa chini kuandika wasifu wake alikuwa Shaaban Robert. Mtunzi mkubwa kuliko wote tuliokuwa nao hakuona haya kumtumikia mwimbaji kwa kalamu yake. Alitambua kwamba yeye na Siti walikuwa katika kazi moja.

Mathias Mnyampala naye alilijua. Ngonjera alizozipa nguvu na kuzichapisha kwa jina la UKUTA, yaani Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, zilikuwa mashairi ya kusimama na kujibizana mbele ya watu. Nilipokuwa chuo cha ualimu, kila Jumamosi usiku tulikuwa na burudani, na ngonjera haikukosekana. Wawili walisimama, mmoja mkulima, mwingine mvivu, au mmoja mji, mwingine shamba, na hadhira ya walimu wanafunzi mia kadhaa ilijua mizani kwa sikio kabla haijaijua kwa hesabu. Aliyepotewa na mizani alizomewa papo hapo, wala hakuhitaji kusahihishwa kwa kalamu nyekundu.

Hata mjini kwenyewe, usiku wa starehe haukuwa umetenganisha igizo na muziki. Katika miaka ya 1980 na 1990, vikundi kama Muungano Cultural Troupe na Tanzania One Theatre vilikuwa vikifanya maonyesho katika kumbi za baa za Dar es Salaam, na kwa kiingilio kimoja mtu alipata ngoma, sarakasi, kichekesho, igizo na taarabu. Yule fundi gereji au karani aliyekwenda kumsikiliza Khadija Kopa alilazimika, kwa furaha yake, kutazama na igizo. Hakuna aliyemuuliza kama anapenda tamthiliya. Ilikuwa sehemu ya usiku.

Kisha televisheni ikaanza Tanzania Bara mwaka 1994, na maigizo yakahamia humo, baadaye katika kanda za video na filamu. Kundi kama Kaole likawa gumzo la nchi nzima kupitia ITV. Silaumu. Lakini wapenzi wa lugha na waliangalie neno lenyewe. Muulize leo kijana yeyote wa Mpanda anapenda tamthiliya gani. Atakutajia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, yenye sehemu mia na zaidi. Neno tamthiliya limehama jukwaa likaenda katika kioo, na sisi wenye vitabu tumebaki nalo darasani tu, kama nguo ya marehemu inayotunzwa sandukuni.

Hapa ndipo ninapowaleta Katumba. Wengi mnaijua kwa jina la makazi ya wakimbizi. Wazazi wa wengi wetu hapa walikuja kutoka Burundi baada ya mauaji ya mwaka 1972, wakapewa ardhi katika misitu hii, wakalima, wakazaa, na baada ya miaka zaidi ya arobaini wakapewa vyeti vya uraia wa Tanzania. Kirundi kipo majumbani. Kiswahili ndicho lugha ya soko, ya shule, ya ofisi ya mtendaji na ya kupatana na majirani zetu Wabende, Wakonongo, Wafipa na Wasukuma. Kwa watu wa namna hii Kiswahili kiliingia kwa sikio. Wazee wengi wa hapa wanaotoa mfano kwa methali bila ya kusita hawakupata kusoma kitabu chochote cha Kiswahili.

Nasi tuna usiku wetu. Tuna kwaya za makanisa, ambazo katika Krismasi na Pasaka huimba na kuigiza hadi watu wakasahau kwenda kulala. Tuna ngoma kubwa za Kirundi. Tuna kibanda umiza, ambamo filamu ya Kichina au ya Kihindi huonyeshwa ikiwa na sauti ya msimulizi wa Kiswahili kama vile Lufufu, na watoto huingia kwa sarafu chache kusikiliza usimulizi kuliko kutazama mapigano. Mtoto wa hapa ana sikio kali. Kisha anaingia kidato cha tatu, anapewa Orodha ya Steve Reynolds au Ngoswe ya Edwin Semzaba, na kwa mara ya kwanza anaambiwa kwamba igizo ni kitu cha kusomwa kimya.

Kinachopotea katika ukimya huo si kidogo. Chukueni Orodha. Msichana Furaha amefariki, na ameacha karatasi. Wakubwa wa kijiji wanahangaika, kila mmoja akiogopa kwamba jina lake limo. Nguvu yote ya mchezo imo katika kungoja: karatasi ipo, itasomwa, bado haijasomwa. Sitasema ina nini, kwa ajili ya yule ambaye hajaisoma. Lakini mwanafunzi mwenye kitabu mkononi hufunua kurasa za mwisho katika dakika ya kwanza, akajua jibu, akamaliza. Kitabu kinamruhusu kuruka. Jukwaa halimruhusu. Jukwaani anangojeshwa pamoja na wale waoga wa kijijini, na katika kungoja huko ndimo anamoelewa hofu yao.

Au chukueni Nguzo Mama ya Penina Muhando, iliyotoka mwaka 1982. Wanawake wa Patata wanajaribu kuisimamisha nguzo. Katika daftari la mwanafunzi, nguzo hiyo ni mstari mmoja: "Nguzo ni ishara ya ukombozi wa mwanamke." Jibu ni sahihi na alama hupatikana. Jukwaani nguzo ni gogo zito. Wanawake wanavuta, mmoja anaachia, wengine wanayumba, na mtazamaji aliye kitini anakaza misuli yake pasipo kujua. Maana ya kitabu kile imo katika uzito, na uzito hausomeki.

Niliyashuhudia haya katika miaka yangu ya mwisho kazini, wanafunzi wangu wa kidato cha nne walipoamua kuigiza Orodha jioni ya Jumamosi, katika uwanja wa shule, kwa taa za pikipiki mbili na kanga zilizofungwa kuwa pazia. Wazazi walikuja, na wazee wao, ambao wengi wao hawajui kusoma. Ulipofika wakati wa kuisoma ile karatasi, mwigizaji aliishika muda mrefu mno, labda kwa sababu alikuwa amesahau maneno. Mzee mmoja aliyeketi mbele akapaza sauti: "Mwanangu, soma basi, tujue moja!" Watu wakacheka, halafu uwanja mzima ukanyamaza kimya ambacho sikupata kukisikia darasani kwa miaka zaidi ya thelathini. Wiki iliyofuata, nilipouliza darasani kuhusu taharuki, hakuna aliyenitajia fasili ya kitabu. Walimtaja yule mzee.

Najua nitakavyojibiwa. La kwanza, mtasema kwamba lugha ya majukwaa ya usiku imeharibika: mipasho ina matusi, vichekesho vinadhalilisha, na mshairi mwenye heshima zake hawezi kusimama mahali hapo. Nakubali kwamba mengi yanayosemwa huko hayapendezi. Lakini uwanja ulioachwa na wenye nazi huchezewa na wenye vifuu. Kama hadhira inatunza ubeti mwepesi, ni kwa kuwa ubeti mzito haukufika usiku huo. Mpeni msikilizaji vyote viwili muone atainuka kwa upi. Mimi nina imani na yule mwanamke wa mezani. Anajua tofauti ya fumbo na tusi, kwani fumbo ndilo lililomtoa kitini.

La pili, mtasema kwamba tamthiliya ya jukwaani ni starehe ya wenye nazo, na kwamba baadhi ya kumbi za mjini zimezoea Kiingereza. Hilo ni kweli, na ndiyo sababu hasa ya kulizungumza. Kiswahili hakishindwi na jukwaa lolote. Mwalimu Nyerere alipofasiri Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi alikwisha kutuonyesha kwamba mizani yetu inabeba mzigo huo. Mwaka 2012 waigizaji kutoka Kenya waliigiza mchezo wa Shakespeare kwa Kiswahili katika jumba la Globe mjini London. Kiswahili kimefika London kwa miguu ya waigizaji. Reli ya kutoka Kaliua kwenda Mpanda imepita hapa kwetu tangu enzi ya ukoloni, na sijapata kuona kundi la waigizaji likishuka kutoka katika behewa.

La tatu, mtasema haiwezekani kuzungusha tamthiliya katika nchi kubwa kama hii. Majirani zetu wanaizungusha. Nchini Kenya, vikundi vya waigizaji hupita shule kwa shule kuigiza vitabu teule, na wanafunzi wengi wa huko waliopimwa kwa Kigogo ya Pauline Kea waliwahi kumwona Majoka kwa macho yao kabla ya kumwandikia insha. Shule hukusanya michango midogo, shule jirani hualikwa, ukumbi wa chakula hugeuka jukwaa. Nasi tuna historia yetu wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wasanii wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda Malya, katika Mkoa wa Mwanza, wakakaa na wanakijiji na kutengeneza maigizo pamoja nao juu ya matatizo ya pale pale. Waliokwenda Malya walikuwa haohao waliotuandikia vitabu tunavyovifundisha. Walijua njia ya kwenda kijijini.

Basi ombi langu ni la watu wa aina tatu.

Kwa watunzi: rudini usikuni. Msingoje jukwaa la ushairi peke yake, ambalo watakuja washairi kusikilizana wao kwa wao. Ombeni dakika tano kabla ya taarabu, dakika tano kati ya bendi na bendi. Someni kwa mahadhi, bila ya karatasi. Hadhira ikiendelea kuzungumza wakati mnasoma, hiyo nayo ni tahakiki, na ni ya bei nafuu kuliko kuchapisha nakala mia tano zisizosomwa. Beti zitakazowanyamazisha mtazijua usiku huohuo.

Kwa mtu wa mjini mwenye shughuli nyingi, na ninajua baadhi yenu mnasoma maandishi haya mkiwa ndani ya daladala: sikuombi uache taarabu wala vichekesho. Ongeza usiku mmoja tu kwa mwaka kwa ajili ya mchezo wa kuigiza wa Kiswahili, na mlipie kiingilio asiye na uwezo kama unacho. Halafu unaporudi kwenu mkoani wakati wa likizo, usilete mikate na sukari peke yake. Keti na vijana jioni uwasimulie ulichokiona: mwigizaji aliingiaje, alisema nini, watu walicheka wapi. Binti wa dada yangu hufanya hivyo kila akija, na ua wetu hujaa.

Kwa walimu wenzangu mlio bado kazini: kila kitabu teule cha tamthiliya kiigizwe mara moja, hata onyesho moja tu, kabla hakijaulizwa swali. Hamhitaji ukumbi. Taa za pikipiki zinatosha, na kanga mnazo. Waiteni wazazi, hasa wasiojua kusoma. Wao ndio wataalamu wa kusikiliza, na watoto wenu watajifunza kutoka kwao jinsi hadhira inavyokaa.

Nami ninaahidi kwa upande wangu kwamba kundi lolote litakaloshuka Katumba halitakosa watu. Tumezoea kukesha. Kwa leo nawaachia ubeti huu mmoja, na ninaomba asomaye ausome kwa sauti, japo awe peke yake:

Tungo isiposikika, masikioni mwa watu,
Mbegu iliyofichika, isiyoota si kitu,
Hata ikisanifika, haijawa mali yetu,
Jioni ikishafika, iteni sauti zetu.